Mshauri Mgeni katika Soko la Uchumba

 

Kijana mmoja wa Biharamulo, aliyemaliza kidato cha nne na kusoma madrasa hadi akaivuka Safina na kuingia Abu Shujaa, alinijia baada ya sala ya Alasiri akiwa na simu mkononi. "Ustadh," alisema, "nataka kufungua kundi la kuwashauri vijana wanaotafuta wachumba. Wenye makundi hayo ni wengi, wana wafuasi na wanatumiwa pesa kwa simu. Mimi ni mgeni katika kazi hii. Je, pesa yake ni halali?" Nilimwambia kwamba swali la pesa ni la mwisho, tuanze kwanza na bidhaa. Akanifungulia sauti za washauri anaotaka kushindana nao, tukakaa barazani msikitini tukizisikiliza hadi karibu na Magharibi. Makala haya ni tahakiki ya yale niliyoyasikia, na ni jawabu langu kwa kijana yule na kwa wengine wa Ngara na Biharamulo wenye nia kama yake.

Tuseme ukweli kwanza. Haja ipo, na sisi wenye misikiti tumechangia kuiacha wazi. Khutba zetu za nikahi zinamwambia mke atii na mume atoe matumizi, kisha tunakula pilau na kuondoka. Binti akiwa na swali kabla ya posa hatupati, na akitupata huona haya. Zamani mwambao ulikuwa na somo na kungwi, na huku bara alikuwapo shangazi, na mshenga aliyevaa viatu akaenda kwa miguu hadi kijiji cha pili kuuliza habari za ukoo. Shangazi sasa yuko Mwanza na mshenga amekuwa mtu wa kusoma maneno siku ya mahari tu. Magazeti ya mapenzi ya Dar es Salaam yaliiona nafasi hiyo mapema, redio zikafuata, na simu zikaja kuwakuta wote njiani. Kwa hiyo simlaumu kijana kwa kuona pengo. Ninachouliza ni kama anachotaka kukitia katika pengo hilo ni ushauri.

Mfano tulionao wa ushauri wa uchumba ni ule wa Fatima binti Qays (r.a.), uliopokewa na Imam Muslim. Alipomaliza eda alimwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza kwamba wameshamposa Muawiya na Abu Jahm. Mtume akamweleza kuwa Abu Jahm ni mtu asiyeiweka chini fimbo yake, na Muawiya ni fukara asiye na mali, kisha akamwelekeza kwa Usama bin Zayd. Fatima mwanzo hakumpenda Usama, halafu akaolewa naye akaona kheri.

Tazama kilichomo humo. Mshauri anamjua muulizaji. Anawajua waposaji wote, mmoja kwa tabia yake na mwingine kwa mfuko wake. Hakutoa kanuni ya wanaume wote wa Makureshi. Alisema habari za watu wawili. Na niongeze hapa, kwa kuwa baadhi ya wahubiri wetu hawapendi kulitaja, kwamba umasikini wa mposaji ulitajwa kuwa ni sababu ya kufikiriwa. Binti anayeuliza kama mwanamume ana kazi hafai kuambiwa moja kwa moja kwamba amependa dunia.

Sasa nikazirudia zile sauti za simuni. Mmoja anasema mwanamke akinyamaza siku mbili, naye anyamaziwe nne. Mwingine anafundisha maneno ya kumtoa binti mikononi mwa aliyemchumbia. Wa tatu, mwanamke mwenye sauti nzuri na ufasaha ambao khatibu yeyote angeutamani, anaulizwa na mke wa mtu kuhusu mume asiyepokea simu, na kabla muulizaji hajamaliza anaambiwa aachane naye. Hakuna hata mmoja wao aliyeuliza: wewe ni nani, unaishi wapi, huyo mtu ni mwana wa nani, mna watoto?

La pili na la tatu si suala la ladha, ni suala la hukumu. Kuposa juu ya posa ya nduguyo iliyokwisha kukubaliwa kumekatazwa katika hadithi sahihi, na anayefundisha njia ya kufanya hivyo ni mshirika. Na kumharibu mke dhidi ya mumewe ndiko wanakokuita mafaqihi takhbib. Katika riwaya ya Abu Daud, Mtume (s.a.w.) alimtoa mtu wa namna hiyo katika wale walio pamoja naye. Jamhuri ya Maulamaa wanaona ni dhambi kubwa ingawa ndoa ya baadaye kati ya mharibifu na mwanamke huyo inasihi, lakini wafuasi wa Imam Malik wamekwenda mbali zaidi wakaona ndoa hiyo ivunjwe. Mshauri wa simuni atasema yeye hamtaki mke huyo, anataka wafuasi tu. Sawa, lakini nyumba imevunjika vilevile.

Kinyume cha hayo ni kisa cha Barira, alichokisimulia Ibn Abbas (r.a.) na kupokewa na Bukhari. Alipoachwa huru alipata hiari ya kuendelea au kutoendelea na mumewe Mughith. Mughith alimfuata katika njia za Madina akilia mpaka machozi yakalowesha ndevu zake. Mtume (s.a.w.) akamshauri Barira amrudie. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa ni uombezi tu, naye akasema hana haja naye, na mambo yakaishia hapo. Mwenye haki ya kuamrisha aliacha mlango wazi. Mshauri wa leo, ambaye hana amri hata juu ya paka wake, anaamuru.

Ngara na Biharamulo zina sababu zao za kutaka maswali zaidi, si machache. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, na Benako ikawa mji wa mahema. Wanyarwanda wengi walirudi Desemba 1996, na Warundi wakaendelea kukaa Lukole kwa miaka mingi. Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Majesuti la kuwahudumia wakimbizi, ilisomwa humo majina ya watu waliokuwa wakitafuta jamaa zao. Katika ardhi ya namna hii, swali la "walii wako ni nani" si urasimu wa ofisi ya nikahi. Yupo mwanamke ambaye hajui kaka yake yu hai au amekufa. Yupo ambaye mumewe hakuonekana tena, na fiqhi yake ni nzito: kauli mpya ya Imam Shafii inamtaka asubiri hadi ithibiti kufa au talaka, na hukumu iliyopokewa kwa Sayyidna Umar (r.a.), ambayo Imam Malik ameishika, inampa miaka minne kisha eda. Mwanamke huyo anahitaji kadhi na mahakama. Akiingia katika kundi la simu ataambiwa "tafuta mwingine, maisha ni mafupi", na atakayelipa kwa neno hilo ni mtoto atakayezaliwa.

Kisha ipo barabara. Malori yanayokwenda Rwanda na Burundi yanapita Nyakanazi, Lusahunga, Nyakahura na kulala Benako. Dereva anaweza kuwa mtu mwema kabisa, nami nimeswali nyuma ya madereva waliohifadhi Qur'ani kuliko mimi. Lakini habari zake zimetawanyika katika vituo vinane, na kwa simu peke yake huwezi kuzikusanya. Na lipo suala la umri. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa la kifungo cha miaka 30. Mshauri anayemfundisha kijana wa Rulenge namna ya kumvuta binti bila kuuliza kama binti huyo anavaa sare za shule amemsogeza kijana wa watu karibu na jela.

Tuje kwenye pesa, kwani kijana alikuwa amekwisha kuanza kuchoka na visa vyangu. Imam Nawawi katika Minhaj anasema haisihi kumkodi mnadi kwa neno lisilomchosha, hata kama neno hilo linaiuza bidhaa. Imam Ghazali katika Ihyaa alimzungumzia tabibu anayeonesha kwa neno moja dawa anayoijua yeye peke yake, akaona si halali kuchukua malipo kwa neno hilo. Lakini fundi anayenyoosha upanga kwa pigo moja hakumtia ubaya hata malipo yakiwa makubwa, kwa sababu ufundi ule umetafutwa kwa taabu. Wapo waliopingana naye katika huyu wa pili, na mjadala wao ni mzuri kwa wanafunzi. Kwa kadiri ninavyoona, neno la "achana naye" liko upande wa tabibu, tena halina hata dawa ndani yake. Ama mtu anayetumwa kwenda Kabanga kuuliza habari za mposaji, akapanda basi, akalala huko, akarudi na jawabu, huyo ana ujira wake kwa ijara au kwa ju'ala, na hapana wa kumlaumu. Halali ya kazi hii imo miguuni zaidi kuliko mdomoni.

Ugeni katika soko nao una fiqhi yake. Imepokewa kwa Sayyidna Umar kwamba hakutaka mtu auze katika soko lao ila aliyejua dini. Mgeni anayeshindana na wenye wafuasi elfu hushawishika kutunga shuhuda: "dada mmoja wa Karagwe alinifuata, leo ana ndoa". Hiyo ni aina ya najshi, kupandisha bei kwa mteja wa bandia, na imekatazwa katika biashara ya ngamia sembuse ya ndoa za watu. Ubaya mwingine ni kuuza siri. Nchini Kenya, Redio Jambo imepata umaarufu mkubwa kwa kipindi cha Patanisho, ambapo mume na mke waliokosana hupigiwa simu na nchi nzima ikasikiliza. Sikatai kwamba wapo waliorudiana kwa njia hiyo. Lakini aya ya 35 ya Suratun Nisaa imetaja mwamuzi mmoja wa jamaa za mume na mmoja wa jamaa za mke, haikutaja wasikilizaji. Na Imam Nawawi, alipohesabu katika Riyadhus Salihin mahali sita panapojuzu kumtaja mtu kwa aibu yake, aliutia ushauri wa ndoa, lakini Maulamaa wamesema ikitosha kumwambia muulizaji "huyo hakufai" basi usizidishe. Kwa kipimo hicho, ni kundi gani la simuni litabaki na maneno ya kutosha kujaza siku moja?

Kijana akauliza kama basi hata Mwana Kupona amekosea, maana naye alishauri mambo ya ndoa na utendi wake ukasomwa na watu asiowajua. Nilifurahi kwa swali lile. Mwana Kupona aliutunga mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake wa kumzaa, na hakuutoza. Wageni waliousoma baadaye walijua wanasikiliza nasaha ya mama kwa mwanawe, wakachukua iliyowafaa. Vivyo hivyo Sheikh Ali Hemedi el-Buhriy wa Tanga aliandika Nikahi kwa ajili ya watu asiowajua, lakini aliandika sheria, na sheria haimhitaji mwandishi amjue msomaji kwa sura. Kosa la washauri wetu ni kuchanganya mawili haya: wanatoa hukumu ya jumla kana kwamba wanamjua mtu, na wanazungumza na mtu kana kwamba yeye ni umma.

Nilimwambia afungue kundi lake ikiwa lazima, afundishe humo mlango wa nikahi kama alivyousoma, bila malipo, na swali la mtu mahususi alitoe kundini na kulipeleka kwa wanaoweza kuuliza: imamu wa mahali, jamaa, mwanamke mzima anayeaminiwa. Akitumwa safari, alipwe safari.

Amefungua. Mwezi wa kwanza walijiunga watu 31, na wawili kati yao ni mimi na mdogo wangu. Binti mmoja wa upande wa Ngara aliuliza kuhusu dereva aliyemwahidi ndoa. Kijana hakumjibu kundini. Alimpigia akamuuliza jina kamili la dereva na msikiti anaoswali anapolala Benako, kisha akaniomba nimtafute imamu wa huko. Ilichukua siku 9 kupata jawabu, kwa kuwa dereva alikuwa amekwama mpakani. Jawabu lilikuwa kwamba ni mtu wa swala, mkarimu, na ana mke na watoto Kahama, jambo ambalo hakulitaja kwa binti.

Binti alipoambiwa alikasirika. Alisema siku 9 ni nyingi, na kwamba kundi lingine lilikuwa limeshamjibu usiku uleule. Akatoka kundini. Kijana alinionesha simu yake: walikuwa wamebaki 30. Akaniuliza kama afunge. Nikamuuliza kama nauli yake ya Benako ameshalipwa na nani, akasema hakwenda, alipiga simu tu, kwa hiyo hana cha kudai. Tukaenda kutia udhu.