Dinamo Isiyoshibisha Betri

Taa ndogo nyekundu iliyo mbele ya dereva, ambayo huwaka ufunguo ufunguliwapo na huzimika injini ishikapo mwendo, imewapotezea wenye magari ya kale fedha nyingi, si kwa sababu ni mbovu, bali kwa sababu watu huisadiki katika jambo isilolijua. Upande wake mmoja umeungwa na dinamo, na wa pili na betri. Volti za pande hizo mbili zikilingana, mkondo haupiti ndani yake, nayo huzimika. Kwa hiyo dinamo itoayo volti 12 na nusu, mbele ya betri yenye volti 12 na nusu, huizima taa barabara, ilhali hakuna hata ampea moja iingiayo katika betri. Taa ni shahidi mkweli aliyeulizwa swali moja tu, na kadhi akataye hukumu ya swali jingine kwa jibu lake ndiye mwenye makosa.

Hali hiyo ndiyo iliyolipata Land Rover Series IIA la sahibu yangu mmoja wa Tanga, gari la petroli lenye dinamo ya Lucas C40 na kisanduku cha kudhibiti chaji cha RB106, vifaa vilivyofungwa katika magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na 1960, kabla altaneta haijashika nafasi yao. Mchana liliwaka bila taabu. Usiku, baada ya safari kwa taa kubwa, stata iliguna kidogo ikanyamaza. Mwenyewe alinunua betri mpya, kisha akampelekea msuka mota ile dinamo, ikasukwa koili upya, na baada ya gharama zote hizo maradhi yakabaki pale pale. Ndipo alipoitwa fundi mwingine, mzee mwenye voltimita moja na subira nyingi, na taratibu yake yastahili kuelezwa, kwa kuwa hakubadilisha kifaa hata kimoja minghairi ya ithibati.

Betri aliiagiza ikachajiwe usiku kucha, na asubuhi haidromita ikasoma 1.22. Mwenye gari, aliyepata kusoma kwamba betri iliyojaa husoma 1.28, alifadhaika, walakini kipimo hicho ni cha nchi za baridi, na katika nchi za joto kama zetu maji makali huchanganywa mepesi zaidi, betri ikahesabiwa kuwa imejaa baina ya 1.21 na 1.23. Mkanda wa feni, alipoubonyeza kwa kidole gumba, ulicheza milimita 10 hivi, na kwa gari hili hutakiwa ucheze baina ya 8 na 11. Akauacha.

Katika kuipima dinamo ndipo ilipodhihiri hikima yake. Alizing'oa nyaya zake mbili, akaziunga ncha za D na F kwa kipande cha waya, akaweka voltimita baina ya kiungo hicho na chuma cha injini, kisha akaongeza mwendo polepole. Dinamo iliyofungwa hivi haina cha kuizuia, kwa hiyo injini haipitishwi mizunguko 1,000 kwa dakika, wala sindano haiachwi kuvuka volti 20. Sindano ikikwama baina ya nusu volti na volti moja, ambazo huletwa na ule usumaku mdogo uliosalia katika chuma, kasoro imo katika koili za usumaku. Ikikwama kwenye volti 4 au 5, hutuhumiwa koili za ameicha. Isipotikisika kabisa, hutazamwa kaboni na komyuteta, ambayo ulanga uliomo baina ya vipande vyake vya shaba hukwanguliwa uwe chini ya shaba kwa kadiri ya milimita 0.8, usije ukazinyanyua kaboni. Sindano ya mzee huyu ilipanda bila kusita hata 18, akazima injini. Dinamo ilikuwa nzima, na kwa nionavyo mimi ilikuwa nzima hata kabla ya kusukwa.

Kikabaki kisanduku. Ndani yake mna sumaku mbili za umeme: ya kwanza hufunga njia baina ya dinamo na betri dinamo itoapo umeme wa kutosha, na huifungua gari lisimamapo, betri isije ikajimwaga, ya pili ndiyo regyuleta, ambayo huiachia koili ya usumaku wa dinamo mkondo wake wote maadamu volti ziko chini, na zifikapo kipimo huachanisha ncha zake, mkondo ule ukalazimika kupita katika kizuio cha omu 60 hivi. Koili yenyewe ina omu 6. Basi ncha zikigusana vema, volti 12 hupitisha humo ampea 2. Zikiwa zimeungua na kuvaa uchafu, kizuio hubaki njiani daima, na ampea 2 zile hushuka chini ya robo ya ampea moja. Dinamo iliyonyimwa usumaku namna hii huzunguka kwa kasi ile ile na kutoa kidogo mno. Ili kuhakikisha, mzee aliunga D na F kwenye kisanduku kwa muda mfupi kabisa, injini ikienda mwendo wa wastani, na ampimita iliyokuwa ikionyesha ampea 3 ikaruka karibu na 20.

Katika kuzisafisha ncha hizo mafundi wengi hukosea, kwa kuwa hutumia msasa mmoja kwa zote. Ncha za regyuleta ni ngumu, nazo husuguliwa kwa jiwe laini la kunolea. Ncha za ile sumaku ya kwanza ni laini, hazitaki ila msasa mwembamba wa chembe za kioo, maana chembe ngumu hujikita ndani yake zikazuia umeme. Zote hufutwa kwa spiriti.

Chaji iliongezeka, lakini si kwa kadiri iliyotarajiwa: kisanduku kilisoma volti 14 ilhali betri ilisoma 13.2. Regyuleta hupima pale ilipo, haijui kilichopotea njiani. Mzee alifuata njia yote kwa voltimita, kiungo baada ya kiungo, akakuta sehemu kubwa ya upungufu imo chini ya bolti moja, ile ishikayo waya wa athi wa betri kwenye chesisi, ambamo rangi na kutu ya upepo wa chumvi vilikuwa vimejijenga tangu zamani. Alikwangua hata chuma kikang'aa, akakaza.

Mwisho alipima regyuleta bila mzigo, kipande cha karatasi kikiwa baina ya ncha za sumaku ya kwanza. Hapo hutakiwa volti 16 hivi, pungufu kidogo katika joto, nazo huwatisha wasiojua kwamba zitashuka mzigo uingiapo. Skrubu haigeuzwi kwa zaidi ya nusu dakika, kwa sababu koili ikipata moto kipimo hudanganya.

Sahibu yangu, kwa furaha, akataka aongezewe taa mbili za ukungu za wati 48 kila moja. Mzee akamhesabia: dinamo hutoa ampea 22 ikizidi sana; taa kubwa mbili za wati 60 hula 10, koili ya plagi na taa ndogo hula 6 hivi, na hizo za ukungu zingedai 8, betri isipate kitu. Akizitaka, akamwambia, anunue altaneta, na kabla ya kuifunga ageuze nyaya za betri, kwa kuwa gari lake lingali na ncha chanya kwenye chesisi.