Mwalimu Mlezi wa Tandale

Herufi b na d huwatesa watoto wa darasa la kwanza kote nchini. Zote zina mti na tumbo. Tofauti ni upande. Mwalimu mgeni wa kazi huwafundisha kuziandika hewani akiwa amewatazama. Tumbo analolichora kwenda kulia kwake, watoto wanaliona likienda kushoto kwao, na asubuhi nzima darasa linaandika d mahali pa b. Mwalimu mkomavu huwapa mgongo. Ananyanyua mkono wa kulia juu ya bega, watoto wananyanyua wa kwao, wote wanashuka na mti, wanapanda nao hadi katikati, kisha wanazungusha tumbo kuelekea upande wa dirishani. Huku akiandika anageuza shingo kila mara, maana darasa la watoto wa miaka sita haliachiwi mgongo kwa muda mrefu.

Ufundi huo niliuona kwa mama mmoja anayefundisha katika shule ya msingi huko Tandale, wilaya ya Kinondoni, akimrithisha kijana aliyeletwa na chuo cha ualimu kwa mazoezi ya kufundisha, yale ambayo wanachuo wenyewe huyaita BTP. Kwa ruhusa ya mwalimu mkuu nilipata nafasi ya kukaa nyuma ya darasa lake. Nilitoka na hakika moja: ualimu ni kazi ya macho, sikio na mikono, na hurithishwa kwa kusimama kando ya anayeijua, darasani, watoto wakiwepo.

Tandale si mahali rahisi pa kujifunzia kazi hii, na labda ndiyo sababu wanaojifunzia hapa hukomaa mapema. Kata imebanana, jirani na Manzese, Sinza na Mwananyamala. Soko lake la nafaka linajulikana jiji zima, na honi za bodaboda huingia darasani bila kubisha hodi. Masika yakikolea Mto Ng'ombe hufurika, na mwalimu anapoita majina anajua kwa nini madawati kadhaa yako wazi. Tangu Januari 2016, elimumsingi ilipoanza kutolewa bila ada, shule za jiji zimepokea watoto wengi kuliko vyumba vyake. Nyingi hufundisha kwa zamu, watoto wengine asubuhi, wengine mchana. Kiwango rasmi ni mwalimu mmoja kwa watoto 45, lakini darasa la watoto zaidi ya mia si jambo la kumshangaza mtu hapa.

Mwalimu mlezi, ndivyo aitwavyo mwenyeji anayemsimamia mwanachuo, hakumpa kijana yule chaki siku ya kwanza. Alimpa kiti nyuma ya darasa na kazi ya kuwatazama watoto watatu tu aliowachagua yeye. Kipindi kilipokwisha akamuuliza ni yupi kati yao asiyejua kusoma. Kijana akasema wote wanajua, kwa kuwa wote walikuwa wakiitikia.

"Tazama midomo, mwanangu," akamwambia. "Anayejua, mdomo wake unaanza. Asiyejua, wake unafuata."

Kesho yake nami nikatazama midomo. Darasa lilikuwa linasoma silabi ubaoni kwa pamoja, ma, me, mi, mo, mu, sauti moja nzito ya watoto mia, na kwa mbali ungesema wote ni wasomi. Lakini mule ndani kulikuwa na midomo iliyochelewa kidogo sana, kwa muda wa kupepesa jicho. Wenye midomo hiyo walikuwa wanasoma masikio ya wenzao. Mwalimu yule huwatambua huku akiwa amesimama ubaoni, anaendelea kufundisha bila kuwataja, na baadaye anapita kwenye madawati yao kana kwamba amepita tu njiani.

Baada ya kutazama, kijana akapewa madaftari. Halafu kikundi cha watoto sita waliokwama kwenye silabi. Halafu utangulizi wa somo, dakika chache tu, kisha anarudi kitini. Ilipita zaidi ya wiki kabla hajapewa kipindi kizima, kama fundi cherehani anavyomwachia mwanafunzi vifungo na mapindo kabla ya kumkabidhi mkasi na kitambaa cha mteja. Ninaheshimu sana subira hiyo. Ingekuwa rahisi kwa mama yule kumtupia mgeni darasa zima akaenda kupumzika ofisini; ana vipindi vingi, na hakuna anayemlipa senti kwa ulezi.

Nizungumzie madaftari, kwa sababu hapo ndipo nilipoona elimu ambayo sikuwahi kuidhania. Mimi nilidhani kusahihisha ni kuweka vema na kosa. Mama yule husahihisha akitembea kati ya madawati, kalamu nyekundu mkononi, wakati mtoto bado anaandika, na anausoma ukurasa mzima kabla ya kulitazama jibu. Karatasi iliyotoboka kwa kufutwafutwa inamwambia mtoto ana hofu. Penseli iliyogandamizwa hadi ukurasa wa pili inamwambia vidole vimekaza, basi anavilegeza kimoja kimoja kwa mkono wake. Majibu safi, yote sahihi isipokuwa kosa moja lililofanana na la jirani, yanamwambia nani amenakili. Kijana aliyatazama madaftari hayohayo akaona vema nane kati ya kumi.

Kuuliza swali nako kuna namna yake. Mwanachuo alikuwa anaanza na jina: "Wewe, Juma, tano na tatu ni ngapi?" Likishatajwa jina la Juma, watoto wengine wote wanapumua, mzigo umeshapata mbebaji. Mlezi huanza na swali, anatupa macho darasa zima, ananyamaza. Kimya hicho kinamuumiza kila mwalimu mchanga. Anakiona kama aibu na anakimbilia kukijaza kwa kutoa jibu mwenyewe. Mama yule hukiacha. Unaviona vidole vikihesabu chini ya madawati. Ndipo anapotaja jina, na mara nyingi ni la mtoto ambaye kidole chake kilikuwa kimekaribia kufika.

Siku ya somo la sauti ya ng', hakuleta picha wala chati. Aliwauliza wanaokaa kando ya mto, mto wenu unaitwaje? Wakajibu kwa fahari. Akawaambia waguse pua zao waseme tena, polepole, wasikie inavyotetemeka. Kisha wakasema ngoma, vidole vikiwa palepale puani, wasikie sauti inavyokatika na kuruka kwenda koo. Ndipo akaandika maneno yote mawili, na ule mkato mdogo juu ya ng' ukawa na kazi ambayo mtoto ameshaisikia mwilini mwake. Nimewaona watu wazima, wenye shahada, wakiuacha mkato huo kila waandikapo. Watoto wale sidhani kama watausahau.

Kwenye kuhesabu ilikuwa vivyo hivyo. Kijana alikuja na bango zuri la manila, ameliandika kwa kalamu za rangi, makumi kwa bluu na mamoja kwa nyekundu, na bila shaka alilikeshea. Mlezi alilisifu kwa dhati, akalibandika ukutani. Halafu akamuuliza kijana, mtoto wa dawati la mwisho ataligusaje? Kesho yake darasa lilikuwa na visoda na maharage. Kumi yakitimia yanafungwa katika kipande cha nailoni, na mtoto anashika kumi moja mkono huu na mamoja matatu mkono ule. Watoto wa Tandale wameona nafaka zikifungwa na kupimwa tangu hawajajua kuongea vizuri. Mwalimu alijua pa kuanzia.

Jambo ninalolistahi kuliko yote ni namna anavyosahihisha makosa ya mwanachuo mwenyewe. Mbele ya watoto humwita Mwalimu, kwa jina kamili la kazi, na husimama akiingia. Kipindi kimoja kilimwendea kijana vibaya sana, akapandisha sauti, darasa nalo likapandisha yake, hadi hakuna aliyemsikia mwenzake. Mlezi hakunyanyuka. Hakuingilia hata kwa jicho. Baada ya kengele walikwenda nje kwenye kivuli, akamwita mwanangu, akamwambia sauti ikishuka watoto hunyamaza ili wasikie, akamwagiza ajaribu kesho. Akajaribu. Mwanzo haikufua dafu, kisha safu ya mbele ikanyamaza, kisha ya pili.

Halafu kuna andalio la somo. Kila mwanachuo wa Tanzania anazijua hatua zake, utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri na hitimisho, na chini kabisa nafasi ya tathmini. Nafasi hiyo wengi huijaza kabla ya kuingia darasani: somo limeeleweka vizuri. Mama yule alilikataa andalio lenye maneno hayo. Alitaka majina. Nani hakuelewa, alikwama wapi, kesho utamfanyia nini. Kijana alinionyesha daftari lake la maandalio baadaye. Kurasa za mwanzo tathmini ni mstari mmoja, kurasa za mwisho tathmini ni ndefu kuliko utangulizi.

Taifa hili lilikwisha kuitumia njia hii ya kurithisha ualimu darasani kwa upana ambao leo tumeusahau. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaazimia kwamba elimu ya msingi kwa wote, yaani UPE, ifikiwe mwaka 1977, badala ya 1989 iliyokuwa imepangwa. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapelekwa shuleni moja kwa moja. Walifundisha madarasa ya chini, na saa zilizobaki wakasoma wao wenyewe, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio, na kwa wakufunzi waliozunguka kuwatembelea na kuwatazama wakifundisha. Mwishoni walikaa chuoni wiki chache, wakafanya mtihani, wakapata Daraja la III C. Zaidi ya 35,000 walifuzu hivyo.

Jina la walimu wa UPE liligeuka kejeli, na kejeli hiyo haikuwatendea haki. Ni kweli kwamba elimu waliyoingia nayo ilikuwa nyembamba, na mtu hawezi kufundisha asichokijua. Kasoro ilikuwa hapo, kwenye msingi. Njia yenyewe, ya kujifunza kazi ukiwa ndani ya kazi huku mkufunzi akikutazama, ilikuwa sahihi, na watu wengi wa rika langu waliofundishwa kusoma na walimu hao bado wanasoma.

Pwani nzima ina ushahidi wa namna hiyo. Mombasa, katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said aliongoza mpango wa shule za awali za madrasa uliosaidiwa na Wakfu wa Aga Khan, ambao baadaye ulifika Zanzibar na Kampala. Walimu walikuwa wanawake wa mtaa uleule. Walipata mafunzo, wakarudi kwa watoto wao, na wakufunzi wakawafuata hukohuko darasani kuwaona na kuwaongoza. Nyumbani leo tunao mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, unaowakutanisha walimu katika shule zao ili wafundishane. Ni mwelekeo mwema, na unastahili kwenda mbele zaidi hadi kumfikia mwanachuo ambaye bado hajapata cheti.

Kwa sasa mwanachuo hupata wiki chache tu za kufundisha kwa kila awamu ya mazoezi, na siku ya kuasesiwa mkufunzi kutoka chuoni hukaa kipindi kimoja, anajaza fomu, anaondoka kwenda shule nyingine. Mtu aliyemtazama kijana yule kila siku, anayejua ni lini alijifunza kunyamaza baada ya swali, ni mwalimu mlezi. Basi naiomba Wizara ya Elimu, na halmashauri zinazosimamia shule za msingi, zifanye mambo haya: mazoezi yawe marefu, angalau muhula mzima mfululizo, mwalimu mlezi apunguziwe vipindi kwa muda huo, na kazi ya ulezi iingie katika rekodi yake, ihesabiwe anapofikiriwa kupandishwa daraja. Walimu wakuu wanawajua walezi hao kwa majina. Waulizwe, wawataje.