Kitambaa Kabla ya Wino

Doti ya kanga ni vipande viwili. Kimoja hufungwa kiunoni, kingine hutandwa kichwani au mabegani. Wekundu wa kimoja ukipauka kuliko wa mwenzake, mnunuzi hugundua palepale dukani. Morogoro, ambako kiwanda cha 21st Century Textiles cha kundi la MeTL hutengeneza kanga na vitenge, mtihani huo unafahamika: rangi ileile, jora baada ya jora.

Katika uchapaji wa skrini, rangi huja nzito kama uji, imeshachanganywa na magadi, yurea na gamu. Mashine ya kidijitali haipitishi uji. Matundu yake ni membamba kuliko unywele, na wino wa rangi za riaktivu, yaani zinazoungana na pamba kikemia, ukikaa na magadi huharibika kabla haujaigusa pamba. Kwa hiyo dawa hizo hupakwa kwenye kitambaa, kikakaushwa, ndipo wino ufuate. Dosari ya kitambaa sasa hugeuka dosari ya rangi.

Kazi huanzia kwenye usafi. Nyuzi za mtande hupakwa wanga ili zisikatike wakati wa kufuma. Wanga huo lazima utoke wote, kwani hunasa rangi iliyokusudiwa pamba. Fundi hudondosha ayodini: kitambaa kikigeuka buluu, wanga bado umo. Baadaye kitambaa huchemshwa kwa soda kali ili nta ya pamba itoke, kisha hung'arishwa kwa peroksaidi.

Hapo ndipo maji yanapodai hesabu yake. Mji wa Morogoro hutegemea mito ya Uluguru na bwawa la Mindu, na mvua zikikolea milimani, maji hushuka na udongo. Chembe za chuma zikibaki, peroksaidi huchachamaa zilipo na kutoboa kitambaa. Kalisi nayo hugandisha alginati, gamu itokanayo na mwani wa kahawia. Ndiyo maana maji huchujwa na kulainishwa kwanza.

Kitambaa huzamishwa kwenye dawa, kisha hukamuliwa kati ya roli mbili. Roli zikibana zaidi katikati, dawa huko hupungua: mji wa kanga, yaani sehemu yake ya kati, hupauka, pindo likakolea.

Kitambaa kisichonyonya sawasawa huleta dosari hiyohiyo. Kwa hiyo kabla ya kupaka dawa, fundi hukata vipande vitatu, ukingo wa kushoto, katikati na ukingo wa kulia, akadondosha tone la maji kwenye kila kimoja huku akitazama saa. Tone likizama upesi katikati lakini likasimama kama shanga ukingoni, jora zima hurudishwa kuchemshwa.