Kabureta mbili, mvuto mmoja

Kwenye barabara ya Masisi kwenda Walikale, inayopita Nyabiondo, moto za abiria na magunia huwa za silinda moja na kabureta moja. Fundi aliyezizoea akiletewa Yamaha XS650 ya zamani, ya cc 653, silinda mbili na kabureta mbili za Mikuni, ana kazi ya ziada: kuzifanya zivute sawa. Mpira wa oili unatosha kuifanya, na huku milimani unafaa kuliko kutegemea namba za kitabu.

Pistoni za XS650 hupanda na kushuka pamoja, ila silinda huwaka kwa zamu. Kipepeo cha kabureta moja kikifunguka kuliko cha pili, silinda moja hubeba mzigo na nyingine huburutwa. Sailensa, yaani mwendo wa injini bila kuvuta mafuta, huyumba, usukani hutetemeka, na moto husita dereva anapovuta mafuta.

Kabureta huja mwisho. Kwanza pima nafasi za valvu, rekebisha platini (modeli za kabla ya 1980 zina seti mbili, kila silinda na yake), kisha kagua nyufa kwenye mipira inayounganisha kabureta na injini. Ukifidia valvu iliyobana kwa skrubu ya kabureta, umeuficha ugonjwa.

Chombo chenyewe ni mita tatu au nne za mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliofungwa kwenye ubao kwa umbo la U na kutiwa oili hadi karibu nusu. Zebaki ya vipimo vya zamani ni sumu, tena ni nzito takriban mara 15 kuliko oili. Tofauti inayoisogeza zebaki milimita 1 huisogeza oili karibu milimita 15, kwa hiyo jicho huona hata kosa dogo. Chomeka kila ncha kwenye tundu la mvuto la upande wake, na uubane mpira kidogo ili oili isidundedunde.

Injini ikishapata moto, iache kwenye sailensa. Oili hupanda upande unaovuta kwa nguvu, na huko ndiko kipepeo kimefunga zaidi. Kifungue kidogo kidogo mpaka oili ilingane. Ikipanda kwa kasi, zima injini kabla haijaimeza. Kisha rudia kwenye mizunguko kama 3,000 kwa dakika. Hapo, kwenye modeli za waya mbili, unarekebisha urefu wa waya na kuiacha skrubu ya sailensa.

Kwenye mwinuko wa mita 1,500, kanieneo ya hewa ni takriban hektopaskali 845, wakati usawa wa bahari ni 1,013. Geji ya mvuto itasoma chini ya kitabu hata kwenye injini nzima. Mpira wa U haudanganyiki, maana unapima silinda kwa silinda, na zote zinavuta hewa ileile.

Hata hivyo, usawa hautibu mchanganyiko wa mafuta na hewa. Baada ya kusawazisha, plagi zote mbili zikiwa nyeusi, kagua kwanza filta ya hewa. Ikiwa safi, jeti ni kubwa mno kwa mwinuko huo. Ikiwa nyeusi ni moja, tafuta kosa kwenye boya, jeti au cheche ya upande huo. Fundi anayetenganisha maswali haya mawili habadilishi jeti mbili kwa kosa la silinda moja.