Msitu Uliosafishwa: Uhakiki wa Voices of the Rainforest

Miongoni mwa kazi za sanaa zilizojengwa kwa sauti peke yake, Voices of the Rainforest ya Steven Feld, mwanaanthropolojia na mwanamuziki wa Marekani, yastahili kuchunguzwa na wataalamu wa lugha. Kazi hii, iliyotolewa mwaka 1991, imekusanya mchana na usiku wa Wakaluli wa Bosavi, nchini Papua Guinea Mpya, katika muda wa takriban saa moja. Msikilizaji huamshwa na ndege wa alfajiri, akawasikia wanaume wakifyeka msitu na wanawake wakiimba katika kazi ya sago, kisha mvua, ngoma na vyura wa usiku. Asiyepata kufika Bosavi hujiona amesimama katikati ya msitu.

Hata hivyo, thamani ya kazi hii haitokani na utamu wa sauti za ndege. Katika kitabu chake Sound and Sentiment cha mwaka 1982, Feld alionyesha kwamba Wakaluli huzungumzia nyimbo kwa msamiati wa maji: neno sa, maporomoko ya maji, hutumika pia kuelezea lahani inayoshuka. Ndege nao ni sauti za wafu. Juu ya yote ipo kanuni ya ujumi waiitayo dulugu ganalan, yaani kuinua sauti juu ya sauti. Waimbaji hawaimbi kwa pamoja kabisa, wala hawapokezani kwa zamu. Kila sauti huingia kabla nyingine haijakoma, kama ilivyo msituni, ambamo maji, wadudu na ndege hawangojani. Basi wimbo na msitu vinatawaliwa na sarufi moja, na upangaji wa rekodi hii umejaribu kuifuata sarufi hiyo.

Lakini hapo ndipo penye udhaifu wake mkubwa. Misheni ya Kikristo ilikuwa imefika Bosavi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Feld mwenyewe ameeleza waziwazi kwamba aliziacha nje sauti za ndege za misheni, helikopta za watafutaji wa mafuta, jenereta na kengele za kanisa. Utetezi wake ni kwamba alikusudia kuwasikilizisha walimwengu kile kilichokuwa hatarini kupotea. Utetezi huo una uzito, kwani aombaye msitu usikatwe hana wajibu wa kuusifu msumeno.

Pamoja na hayo, utetezi huo hauiondoi hitilafu iliyomo. Ikiwa dulugu ganalan ni kanuni ya kweli, basi kengele ya kanisa nayo ni sauti iliyoinuka juu ya sauti, na Mkaluli aliyekuwa akiimba alilazimika kuipisha, kuishinda au kuichanganya na wimbo wake. Kuifuta ni kufuta jibu lake pia. Jamii inayosikika katika rekodi hii ina ustadi wa kujibu maji na ndege, lakini haisikiki ikijibu historia.

Ushahidi kwamba jibu hilo lilikuwapo umetolewa na Feld huyo huyo. Mwaka 2001 alitoa mkusanyo wa rekodi tatu uitwao Bosavi, ambamo nyimbo za vijana wapigao magita zimewekwa pamoja na sauti za kazi na za sherehe. Mikusanyo hii miwili yafaa isikilizwe pamoja. Ule wa kwanza ni utenzi wa sifa, na sifa ina haki ya kuchagua. Ule wa pili unakaribia zaidi kuwa ushahidi. Kosa ni kuupokea wa kwanza kana kwamba ni wa pili.

Jambo hili linawagusa moja kwa moja wakusanyaji wa fasihi simulizi nchini Kenya. Ngano inapohamishwa kutoka kwenye kinasa sauti hadi kwenye ukurasa, vicheko vya wasikilizaji, redio ya jirani na gari lipitalo barabarani huwa vya kwanza kuondolewa. Ilhali mara nyingi msimulizi amekwisha kuvijibu ndani ya usimulizi wake, kwa kupaza sauti, kwa mzaha au kwa kunyamaza. Mkusanyaji ana ruhusa ya kusafisha, mradi aonyeshe alichokiondoa na mahali alipokiondoa, ili atakayekuja baadaye aweze kukirudisha.