Saa Mbili Usiku: Uhakiki wa Kumbukumbu za Ratiba ya Redio

Imekuwa desturi siku hizi kuwasikia watu wa makamo wakivililia vipindi vya utangazaji vya zamani. Nchini Kenya huililia michezo ya kuigiza ya televisheni iliyokuwa ikiwakusanya majirani mbele ya seti moja. Zanzibar, ambako televisheni ya rangi ilianza mapema katika miaka ya 1970, nako wazee wana lao la kusimulia. Tanzania Bara haina kumbukumbu ya namna hiyo. Serikali ya Awamu ya Kwanza iliihesabu televisheni kuwa anasa, na Bara ikakaa bila kituo chake mpaka mwaka 1994, watu binafsi walipoanza kurusha picha kutoka Dar es Salaam. Basi mtu wa Mugango, kando ya Ziwa Viktoria katika Mkoa wa Mara, anapoitamani ratiba ya zamani, hatamani picha. Anatamani sauti, na sauti yenyewe ni ya Radio Tanzania Dar es Salaam.

Hatuna nia ya kuibeza shauku hiyo. Lakini maadamu inasimuliwa kwa vijana kana kwamba ni historia ya utamaduni wetu, haina budi kuhakikiwa kama lihakikiwavyo simulizi jingine lolote. Ni kitu gani hasa kinacholiliwa?

Wasimulizi wengi huanza na majina. Watataja Mama na Mwana, kipindi cha watoto. Watacheka kabla hawajamaliza kutamka Pwagu na Pwaguzi. Watataja Malenga Wetu kwa wapenzi wa mashairi, na Ugua Pole kwa wagonjwa waliolazwa hospitalini. Juu ya vyote wataitaja ngoma iliyotangulia taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na Mazungumzo Baada ya Habari yaliyofuata. Ukiwauliza yaliyosemwa katika kipindi kimoja tu kati ya hivyo, wengi watasita. Wanakumbuka mpangilio kuliko maudhui. Hilo si jambo la kuwalaumu, bali ni jibu la kwanza la swali letu: ratiba ilikuwa kalenda. Iligawa jioni kama vile adhana au kengele ya kanisa inavyoigawa siku.

Hata hivyo, kalenda hiyo haikuwa ya kila mtu kama inavyodaiwa. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipokuwa adimu nchini kote, betri za redio zilianikwa juani ili zipate uhai kidogo, na redio ikafunguliwa kwa taarifa ya habari tu kisha ikafungwa. Simulizi ya kwamba watu walisikiliza kutwa kucha haikubaliani na hali hiyo. Aidha, kitufe kilikuwa mkononi mwa baba mwenye nyumba. Mama aliyekuwa jikoni alisikia kwa mbali, na alichosikia kilitegemea upepo wa ziwani na mlio wa kuni. Kumbukumbu zinazosimuliwa leo kwa sauti kubwa ni za wanaume waliokaa karibu na redio.

Ziwa nalo lilikuwa na ratiba yake. Mvuvi wa dagaa hutoka na karabai usiku wa giza, mwezi unapokuwa haupo. Mbalamwezi ikitanda hulala nyumbani. Kwa mtu wa kazi hiyo, usiku wa kusikiliza redio pamoja na jamaa zake uliamuliwa na mwezi, haukuamuliwa na Dar es Salaam. Wala Dar es Salaam haikuwa peke yake hewani. Mkoa wa Mara umepakana na Kenya, na Sauti ya Kenya ilisikika pia, pamoja na Leonard Mambo Mbotela na kipindi chake cha Je, Huu Ni Ungwana? Ajabu ni kwamba wanaosema "tulikuwa na redio moja tu" ndio hao hao waliokuwa wakizungusha kitufe kutafuta ya pili.

Je, vipindi vyenyewe vilikuwa na thamani gani? Tunaamini kwamba kilichokuwa kizito kuliko vyote hakitajwi katika orodha za vipindi vipendwavyo, nacho ni matangazo ya vifo. Watu wa Mara walikuwa wametawanyika katika mashamba ya mkonge, migodini, jeshini na katika ofisi za mikoa ya mbali. Simu vijijini haikuwapo, na barua ilichukua majuma. Tangazo lilisomwa kwa utaratibu usiobadilika: jina la marehemu, mahali alipofia, majina ya jamaa wanaojulishwa na mahali wanakodhaniwa kuwapo, kisha siku na mahali pa maziko. Msomaji hakuongeza la kwake. Tukiyapima matangazo hayo kama fasihi, tunaona ukali wa umbo ambao washairi wengi wangeuonea wivu. Hisia yote imebebwa na majina ya watu na ya mahali. Neno la sifa halimo, na msikilizaji analia.

Tena matangazo hayo, pamoja na salamu zilizotumwa kwa kadi, ndiyo hasa yaliyokipa kijiji kama Mugango nafasi ya kusikia jina lake likitamkwa katika redio ya taifa. Habari zilikuwa za wakuu, na mazungumzo yalikuwa ya siasa. Bali katika tangazo la kifo mkulima wa pamba alitajwa kwa jina lake kamili, na nchi nzima ikanyamaza kidogo. Tarehe 14 Oktoba 1999 Rais Benjamin Mkapa alipolitangazia taifa kifo cha Mwalimu Nyerere, tangazo hilo liliingia katika mfululizo ambao wasikilizaji walikwisha kuuzoea. Kwa watu wa Mugango aliyefariki alikuwa jirani. Butiama, alikozikwa tarehe 23 Oktoba, si mbali; lakini habari yake ilizunguka kutoka London hadi Dar es Salaam ndipo ikawafikia, kama zilivyozunguka habari za jamaa zao wengine.

Kwa upande wa lugha, hukumu yetu ina pande mbili. Matangazo ya nchini yalikuwa kwa Kiswahili, na hapana shaka kwamba redio ilifanya kazi kubwa ya kukieneza na kukisanifu. Lakini Kikwaya, Kiruri na Kijita havikuwa na kipindi. Ngoma za makabila zilirekodiwa na kupigwa hewani. Wenye ngoma wakasikika wakiimba, ila hawakusikika wakizungumza. Ushairi nao uliopewa nafasi ulikuwa hasa ule wa vina na mizani, wenye asili ya pwani. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa kilicho katika ziwa hili hili, alichapisha Kichomi na kuvunja kanuni hizo, na mabishano yakawa makali. Mtu anayeikumbuka Malenga Wetu kuwa ndiyo sauti ya ushairi wetu wote amesahau kwamba mshairi wa ziwani alikuwa akiimba kwa njia nyingine.

Sehemu ya ratiba iliyowatendea wanavijiji kama watu wenye akili ilikuwa kampeni za elimu ya watu wazima. Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwahusisha watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio kwa majuma 12. Kikundi kilisikiliza, kikasoma kitabu, kikabishana, kisha kikaenda kuchimba vyoo. Hapo saa ya redio haikuwa mwisho wa jambo. Ilikuwa mwanzo wa kazi iliyoonekana kwa macho, na waliobishana walikuwa pamoja na akina mama ambao nyumbani hawakukishika kitufe. Ni ajabu kwamba kampeni hizi hukumbukwa kidogo kuliko vichekesho. Labda watu hawapendi kutamani enzi ya kuchimba vyoo.

Radio Tanzania ya wakati ule haipo tena kwa jina hilo. Tangu mwaka 2007 urithi wake umo katika Shirika la Utangazaji Tanzania. Muziki wa bendi na ngoma nyingi zilizorekodiwa zimo katika kanda zake, na mwalimu anayeweza kuzipata atawawezesha wanafunzi kulinganisha sauti yenyewe na sifa inazopewa. Matangazo ya vifo ni jambo jingine. Hayo yalisomwa kutoka karatasini, siku ikapita, karatasi ikatupwa. Lakini mzee wa Mugango akiombwa bado aweza kuyasema kwa mpangilio ule ule, jina, mahali, jamaa, maziko, na mwanafunzi mwenye kalamu aweza kuyaandika.