Uturi Unaoshika

Vilikuwa vichupa vitano vya robo tola, vimeviringishwa pamba na kufungwa ndani ya kipande cha kanga kuukuu. Siku chache tu zilikuwa zimepita tangu Idi. Bibi aliyenitayarishia, jirani yetu wa zamani hapa Mji Mkongwe, alivipanga juu ya sinia, na nilipounyosha mkono kufungua cha kwanza akaukamata. "Kimoja kwa siku, mwanangu. Pua unayo moja."

Nilikuwa nimezoea mambo ya dukani. Unafika, muuzaji anakupaka kwa kijiti cha kioo hapa, anakupaka pale, mpaka mkono mzima toka kifundo hadi kiwiko unapiga kelele. Mwishowe unanunua ulio mkali kuliko yote, kwa kuwa ndio pekee unaousikia. Nasema kusikia kwa makusudi. Harufu kwetu husikiwa, kama inavyosikiwa adhana, kama inavyosikiwa mvua juu ya bati. Mwenye kujaribu uturi basi ni msikilizaji, na hakuna msikilizaji awezaye kuwapa haki yao watu watano wanaosema kwa pamoja.

Neno jingine nililolichukua kwa bibi yule siku hiyo ni kushika. Hasemi uturi huu mzuri au ule mbaya. Husema unashika, au haushiki, basi. Nimekaa na neno hilo wiki nzima, maana harufu kwa asili yake ni kitu kinachoondoka. Kinachokufikia puani kimekwisha kulihama ua. Kikuba cha asumini, rehani, kilua na mkadi kikifungwa jioni, alfajiri kimenyauka, na mwanamke aliyekivaa anajua tangu mwanzo kwamba amevaa kitu cha usiku mmoja. Fundi wa uturi anashindana na kuondoka huko. Kuizuia harufu hawezi. Anaichelewesha, na ustadi wake wote unapimwa kwa urefu wa ucheleweshaji huo na kwa uzuri wa safari yenyewe.

Kichupa cha kwanza hakikujaa. Mafuta yalilowanisha kitako tu. Ilikuwa halwaridi ya Taif. Huko kwenye milima ya Hijazi waridi huchumwa kabla jua halijapanda, kwa sababu jua likishika kasi sehemu ya harufu huwa imekwisha kupaa, na kwa tola moja ya mafuta huhitajika zaidi ya maua 10,000. Nilipolisikia tone lile nikakumbuka halwaridi niliyowahi kuuziwa katika duka moja la mjini, kwa bei ya halisi na kwa viapo. Ilinukia vizuri sana kwa dakika kumi, kisha ikabaki utamu wa peremende usiobadilika mpaka nikaoga. Bibi alinipa kipimo ambacho laiti ningekijua wakati ule: kitie kichupa kwenye friji. Halwaridi safi iliyokenekwa ikipata baridi huganda vipande vyembamba kama sindano za kioo, na ukiifumbata kiganjani hulainika ikarudi kuwa mafuta. Nilifanya hivyo usiku ule. Nilikaa jikoni nikizitazama sindano zile zikiyeyuka mkononi mwangu, na ilikuwa kama kumshuhudia mtu akisema kweli.

Ya pili ilikuwa langilangi kutoka Nzwani. Visiwa vya Komoro ndivyo vinavyoongoza duniani kwa mafuta hayo, na huko mti hukatwa na kupindwa usirefuke, wachumaji, wengi wao wanawake, wapate kuyafikia matawi wakiwa wamesimama chini. Maua huchumwa asubuhi mapema, yakiwa yamekwisha kugeuka manjano, na huingia chunguni siku hiyohiyo. Yanayotoka katika saa za mwanzo huitwa ekstra na hupelekwa kwa watengenezaji wakubwa wa manukato. Langilangi imo hata katika Chanel No. 5 ya mwaka 1921. Baada ya ekstra hufuata daraja la kwanza, la pili na la tatu, na chungu kinaweza kukaa motoni mchana na usiku. Kuni za moto huo zimeligharimu sana pori la Nzwani, na kila ninapoipaka langilangi nataka nilikumbuke hilo pia.

Wanaosifu ekstra peke yake nadhani wanajinyima. Kichupa changu kilikuwa cha mafuta kamili, ya saa zote kwa pamoja, na nilimshukuru bibi kwa hilo. Asubuhi kiliniletea ndizi mbivu, zile zilizokwisha kuwa na madoa meusi. Adhuhuri ndizi ilikuwa imeondoka na ua limesimama peke yake, jeupe na zito. Alasiri, nilipokuwa nimesahau kabisa, niliinua mkono kujifunika jua nikasikia kitu karibu na karafuu, kikavu, kama ghala baada ya mavuno. Huo ulikuwa mwisho wa chungu ukizungumza, yale mafuta ya daraja la tatu ambayo hakuna anayeyaandikia sifa.

Siku ya tatu nilijipaka udongo.

Kannauj ni mji wa India ya kaskazini, katika jimbo la Uttar Pradesh, karibu na mto Ganga. Mafundi wake wamekuwa wakikeneka maua kwa vizazi na vizazi, na mwaka 2014 jina la manukato yao lilipewa ulinzi wa kisheria ili lisitumiwe na wasio wa huko. Waridi wanalo, na mkadi kama wetu wanao. Lakini wanakeneka udongo pia. Udongo wa mfinyanzi hutolewa kwenye madimbwi yaliyokauka, hufinyangwa na kuchomwa, kisha vigae hivyo hutiwa pamoja na maji katika chungu kikubwa cha shaba kiitwacho deg. Kifuniko huzibwa kwa udongo. Mwanzi uliozungushiwa kamba hutoka kwenye kifuniko na kuupeleka mvuke katika mtungi wa shaba, bhapka, uliolazwa ndani ya hodhi la maji baridi. Chini huwaka kuni na mavi makavu ya ng'ombe. Hakuna chombo cha kupimia joto. Fundi hulipima bhapka kwa kiganja na kuusikiliza mvuke kwa sikio, na kwa hayo mawili anajua lini apunguze moto, lini abadilishe mtungi.

Ndani ya bhapka, kabla mvuke haujafika, yanangoja mafuta ya sandali. Hapo ndipo ninapoiona kazi yote. Mvuke ukipoa hugeuka maji, na harufu iliyokuja nayo huingia katika sandali na kukaa. Maji huachwa yatulie, yakaondolewa. Sandali hubaki. Nayo ina harufu yake mwenyewe, ya upole, ya maziwa na mbao, lakini haigombei nafasi. Inampisha mgeni, akichoka inampokea mzigo. Sijui mmea mwingine wenye adabu ya namna hiyo.

Mwaka 1964 wanasayansi wawili nchini Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliandika katika jarida la Nature juu ya harufu inayotoka ardhini baada ya kiangazi mvua inapoinyeshea, wakaipa jina petrikori. Katika makala hiyo waliwataja mafundi wa India waliokuwa tayari wakiikamata harufu hiyo na kuiuza katika vichupa. Napenda kwamba waliwataja.

Nilijipaka tone moja tu. Kwanza sikusikia kitu, nikadhani nimeharibu. Kisha, pengine baada ya kupumua mara ishirini, nilikuwa kwenye ua wa nyumba ya bibi yangu shamba, kuta za udongo, mvua ya kwanza ya vuli ikianza kwa matone makubwa yanayotoboa vumbi. Bibi alikuwa akitoka nje na mtungi kukinga maji ya mchirizi, nasi watoto tukifokewa tusikanyage matope. Miaka mingi imepita tangu nyumba ile ianguke. Harufu ya ukuta wake uliolowa sikuwahi kuisikia tena mahali popote, na hapa ilikuwa kifundoni mwangu, imetengenezwa na mtu wa Kannauj asiyejua kwamba nyumba ile ilikuwapo. Sikuweza kuandika siku ile. Nilikaa kibarazani, na kila baada ya muda nikauleta mkono puani, polepole, nisiumalize.

Udongo haushiki sana. Kufika adhuhuri umekwisha kuondoka na kilichobaki ni sandali peke yake. Nayo sandali ya kweli inazidi kuwa adimu na ghali, hata mafundi wengi siku hizi wanatumia mafuta ya parafini yasiyo na harufu badala yake. Kazi inafanyika, uturi unauzika, ila parafini hubeba tu, haimpokei mtu. Kwetu Afrika Mashariki uko msandali wa aina nyingine, ule wa maeneo makavu, na umeumizwa vibaya: wezi huung'oa na mizizi yake, kwa kuwa mafuta mengi yako huko chini. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa iko chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Shehena bado zinakamatwa. Mti uking'olewa na mzizi haumwachii kitu fundi wa kesho, na hasira yangu juu ya hilo haijapoa.

Udi wa siku ya nne nitausema kwa ufupi, maana umekwisha kusemwa na wengi. Mti wake ukiwa mzima hauna harufu ya kutajwa, mbao nyepesi, nyeupe. Ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu, hutoa utomvu kujikinga, na utomvu huo ndio udi. Saa ya kwanza ulinukia zizi la mbuzi, na dada yangu alifungua dirisha. Ni mbao kulowekwa majini kwa majuma kabla ya kukenekwa kunakouleta uchachu huo. Magharibi ilipoingia ulikuwa asali, ngozi, na ndani ya sanduku la mkangazi la arusi ya mama. Kesho yake asubuhi ulikuwa bado katika mkono wa buibui langu. Kwa kushika, hakuna unaoukaribia.

Kichupa cha tano kilikuwa mchanganyiko wake bibi jirani mwenyewe, na hakunitajia kilichomo. Sandali niliijua. Halwaridi pia, kwa mbali. Asumini ilikuwamo, na hiyo najua anavyoipata, kwa kuwa moto wa chunguni huiua: huyatandaza maua ya jioni ndani ya mafuta ya simsim, asubuhi huyatoa na kutia mapya, siku baada ya siku, mpaka mafuta yakubali. Chini ya yote kulikuwa na mafuta ya makonyo, yale yanayokenekwa Wawi, Pemba, kutokana na vikonyo vinavyobaki karafuu ikichambuliwa. Haya huunguza ngozi yakizidi, na wachanganyaji wengi hawathubutu. Yeye alikuwa ametia kidogo sana, mpaka nilihisi joto kabla sijasikia harufu.

Nilijipaka nikamwendea alasiri. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani. Hakuniuliza kama nimeupenda. Aliuchukua mkono wangu, akaugeuza, akaunusa kifundoni, kisha akanusa ukingo wa mkono wa gauni, akakaa kimya kwa muda mrefu kiasi kwamba nilisikia mtoto akisoma chuoni nyumba ya pili.

"Ulijipaka saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

Akahesabu kwa vidole. Alinyanyuka, akatoa kabatini chupa kubwa ya mchanganyiko huohuo, akaifungua, akaongeza sandali kwa kijiko kidogo, mara mbili, na ya tatu akairudisha nusu. Akaitikisa taratibu, akaziba, akaifunga pamba.

"Konyo linamwahi asumini," alisema, akiirudisha kabatini nyuma ya nguo, mahali penye giza. "Rudi Mfungo Tatu, utakuwa umetulia."